Mshipa Upi? Tahakiki ya Istilahi za Neva za Mkono

Neno mshipa limetwishwa mizigo mingi katika Kiswahili. Damu hupita katika mshipa. Ile kamba nyeupe na ngumu ambayo mchinjaji huikata kwenye goti la mbuzi nayo huitwa mshipa, ijapokuwa wenye kujua huiita ukano. Mtu asiyeona haya husemwa kuwa amekatika mshipa wa aibu. Na katika sehemu nyingi za pwani yetu mwanamume mwenye ngiri au busha husemwa, kwa adabu, kuwa ana mshipa. Hapo msikilizaji haulizi zaidi. Juu ya mizigo yote hiyo wafasiri wa mambo ya tiba wameongeza mmoja mwingine, yaani mshipa wa fahamu: ule uzi utokao katika ubongo na uti wa mgongo, upelekao amri kwenye misuli na kurudisha habari za joto, baridi, mguso na maumivu.

Katika makala haya twataka kuzipima istilahi zinazotumika kuzungumzia nyuzi hizo katika mkono wa binadamu. Hatutazipima mezani peke yake. Tutazipima mahali ambapo zinafanya kazi, nako ni Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za mkoa wa Lindi. Tumezichagua wilaya hizo kwa kuwa mkoa wa Lindi umetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa ambako wagonjwa wapya wa ukoma bado wanaonekana, na ukoma, kinyume cha wanavyodhani wengi, si ugonjwa wa ngozi tu. Kijidudu chake, alichokigundua Hansen huko Norwei mwaka 1873, hupenda kukaa ndani ya neva, hasa zile zilizo karibu na ngozi ambako mwili una ubaridi kidogo. Mkononi, neva inayoumizwa mara nyingi kuliko nyingine ni ile ipitayo nyuma ya kiwiko, upande wa ndani. Basi mhudumu wa zahanati anayemchunguza mgonjwa hana budi kuitaja neva hiyo kwa jina ambalo mgonjwa atalielewa. Jina likipotea, na mkono unaweza kupotea.

Tulipata kuyaona haya kwa macho yetu. Tulikuwa katika kazi ya kukusanya maneno, tukaketi siku nzima katika zahanati moja ya kijijini kati ya miji hiyo miwili. Aliingia mzee mmoja akiwa na mke wa mwanawe. Muuguzi, kijana mwenye heshima na bidii, alikuwa na karatasi yake ya maswali, akauliza kama ilivyoandikwa: “Babu, una mshipa unaokuuma?” Mzee alimtazama mkwewe, akatengeneza shuka lake, akajibu, “Sina mshipa mimi, mjukuu wangu.” Muuguzi akaandika kuwa hana. Kisha akamwomba amwonyeshe kiwiko, mzee akamnyooshea kifundo cha mkono, pale ambapo wengine huvaa saa. Ikachukua dakika kadhaa hata muuguzi akaamua kuacha karatasi na kupapasa mwenyewe. Nyuma ya kiwiko aliikuta neva imevimba, nene kama kamba ya kufungia mzigo, na alipoigusa mzee alikunja uso. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekwisha kuanza kujikunja.

Hatumlaumu muuguzi, wala hatumlaumu mzee. Mzee aliulizwa mbele ya mkwewe kama ana busha, akajibu kama ambavyo mtu mwenye staha angejibu. Kosa lilikuwa katika karatasi. Na kosa hilo lina gharama, kwa sababu neva iliyoumia karibuni, kabla ya kupita miezi 6 hivi, mara nyingi huweza kuokolewa kwa dawa za kutuliza uvimbe kama prednisoloni. Ikikaa zaidi ya hapo matumaini hupungua sana. Dawa mseto za ukoma, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu miaka ya 1980 na zinazomezwa kwa miezi 6 au 12, huua kijidudu; neva iliyokwisha kufa haziifufui.

Tukiliweka kando neno mshipa, latubakia fahamu, na hili nalo halina nafuu. Fahamu katika Kiswahili ni utambuzi, ni akili iliyo macho. Aliyezimia amepoteza fahamu. Aliyezinduka amerudiwa na fahamu. Sasa mgonjwa akiambiwa kwamba mshipa wake wa fahamu umeharibika, yeye na jamaa zake wataelewa nini? Wataelewa kuwa kichwa chake kimeanza kuharibika. Mtu aliyekuja kwa ajili ya vidole atarudi nyumbani na sifa ya wazimu, na ukoma peke yake ulikwisha kumletea aibu ya kutosha. Zaidi ya hayo, neno lenyewe si la kweli. Neva ya mkono ina nyuzi za namna tatu: za kuhisi, za kuamrisha misuli, na zile ziongozazo jasho na mishipa midogo ya damu. Ndiyo maana muuguzi mzoefu huangalia kama kiganja kimekauka na kupasuka, kwa kuwa ngozi isiyotoa jasho ni dalili ya neva iliyoumia. Fahamu, hata tukiichukua kwa maana ya hisia, yagusa namna moja tu kati ya hizo tatu.

Twajua kuwa wako watakaosema neno neva ni la kigeni. Ni kweli. Lakini na tuitazame Nachingwea yenyewe. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walileta huko Mpango wa Karanga, na pamoja nao matrekta na reli. Karanga hazikustawi kama ilivyotarajiwa, na reli iling'olewa baadaye. Majina ya vyuma hayakung'oka. Klachi, giaboksi, spana na trekta ni maneno ya kila fundi, na hakuna aliyewahi kuandika barua kwa Baraza kulalamika kwamba giaboksi si Kiswahili. Fundi huhitaji jina moja kwa kifaa kimoja, la sivyo mwanafunzi wake atamletea kifaa kingine. Ikiwa tumeruhusu hayo kwa trekta, hatuoni kwa nini tuunyime mkono wa binadamu. Neva ni neno fupi, huingia bila taabu katika ngeli ya I-ZI, na halina maana nyingine ya kugongana nayo katika usemi wa watu. Twashauri litumike peke yake, na mshipa ubakie kwa damu. Vitabu vya sayansi vya shule za msingi vimezoea kusema mfumo wa fahamu. Huko nako twaona afadhali mfumo wa neva, ijapokuwa hatutegemei walimu wabadili mazoea kwa siku moja.

Sasa twende kwenye chanzo cha neva hizo. Neva za mkono hutoka shingoni, katika jozi ya 5 hadi ya 8 za neva za shingo pamoja na jozi ya kwanza ya kifua. (Hutoka katika uti wa mgongo, nalo ni neno la mfupa na vilevile la kilichomo ndani ya mfupa. Hilo tuliache kwa siku nyingine.) Mizizi hiyo 5 huungana kuwa mashina 3, kila shina hugawanyika mara mbili, tawi la mbele na tawi la nyuma, matawi hayo 6 hukusanyika tena kuwa kamba 3 zinazoizunguka ateri kuu ya kwapa, na katika kamba hizo hutoka neva 5 ziingiazo mkononi. Mkusanyiko wote huo wafasiri wengine wameuita mtandao wa neva. Sisi twaona jina hilo halifai. Kwanza, siku hizi mtandao ni wa simu na intaneti, na msomaji hawezi kuizuia akili yake isikimbilie huko. Pili, na hili ndilo kubwa, mtandao hauelezi kinachotendeka. Atakaye kuelewa na amtazame mwanamke wa Lindi anaposuka ukili wa mkeka. Mwaa huingia upande mmoja, hupita juu ya mwenzake na chini ya mwingine, hutokea upande wa pili. Umebadili mahali na majirani, lakini haukuyeyuka wala kupotea. Ndivyo ufanyavyo uzi wa neva kuanzia shingoni hadi kwapani. Neno la Kilatini ambalo wanaanatomia hutumia lina maana hiyohiyo ya kusuka. Basi tuseme msuko wa neva, au kwa ukamilifu msuko wa neva za mkono. Hapa hatukuwa na haja ya kukopa; neno lilikuwa mkekani tulipokaa.

Katika hizo neva 5, mbili tutazipita upesi. Moja huzunguka shingo ya mfupa wa juu wa mkono na kuuhudumia msuli mnene wa bega. Huumia bega linapoteguka, na neva ya bega ni jina linalotosha. Ya pili huhudumia misuli inayokunja mkono kwenye kiwiko kisha huishia kuwa neva ya ngozi ya kigasha. Ugomvi uko kwenye tatu zilizobaki.

Majina yao ya Kilatini yana historia. Wataalamu waliokubaliana huko Basel mwaka 1895 walikuwa na majina yapatayo 50,000 ya viungo vya mwili, maana kila nchi na kila chuo kilikuwa na yake. Wakayapunguza yakabaki kama 5,000. Kazi yao ilikuwa kufyeka, yetu ni kupanda. Lakini mfasiri wetu mara nyingi hupanda kwa kuichungulia orodha yao, neno kwa neno, bila kuutazama mkono. Neva ya kwanza huitwa mediani, maana yake iliyo katikati. Mfasiri akaandika neva ya kati. Ukurasa uleule ulikuwa umetaja mfumo wa kati wa neva, yaani ubongo na uti wa mgongo. Mwalimu anayesoma hawezi kujua kama neva ya kati ni sehemu ya mfumo wa kati, na kwa kweli si sehemu yake. Neva ya pili huitwa radiali, kutokana na mfupa ulioitwa na Warumi kwa jina la njiti ya gurudumu, ile ambayo mafundi baiskeli wetu huiita spoki. Mfasiri mwenye haraka akifungua orodha ya istilahi za hisabati atakuta neno hilohilo la Kilatini limefasiriwa nusukipenyo. Neva ya nusukipenyo! Twacheka, lakini mtu mwenye kalamu, orodha na muda mfupi anaweza kabisa kuliandika, na likishapigwa chapa ni kazi kulitoa. Ya tatu ni ulnari, na katika Kilatini ulna lilikuwa jina la kiwiko, na pia la kipimo kama dhiraa yetu. Mahali neva hii ipitapo juu ya mfupa, ukijigonga, hupata mshituko kama wa umeme hadi kidole cha mwisho; Waingereza hupaita mfupa wa kuchekesha, ingawa kilichogongwa si mfupa wala hapachekeshi.

Pendekezo letu ni hili. Katika vitabu vya anatomia, ambako msomaji ni mwanafunzi wa udaktari au mganga, tuseme neva mediani, neva radiali na neva ulnari, kwa kuwa atakutana na majina hayo kila aendako duniani. Lakini katika karatasi za zahanati, mabango na mafunzo ya wahudumu wa vijijini, tuziite neva hizo kwa kile ambacho mgonjwa anaweza kukifanya mbele ya macho ya muuguzi. Uchunguzi wa mkono katika ukoma hutumia mambo matatu. Muuguzi humwambia mgonjwa atenge kidole cha mwisho mbali na wenzake, naye hukisukuma kwa kidole chake. Hapo anapima neva ulnari. Humwambia ainue kidole gumba kielekee juu kutoka kwenye kiganja kilicholala chali. Hapo anapima mediani. Humwambia ainue kiganja huku kigasha kimetulia. Hapo anapima radiali. Basi tunazo tayari neva ya kidole cha mwisho, neva ya gumba, na neva ya kuinua kiganja.

Mwanaanatomia atatupinga, na ana haki. Atasema kidole gumba hakihudumiwi na mediani peke yake: upo msuli wa kukibana gumba kwenye kiganja ambao hupata amri kutoka ulnari, na ngozi ya mgongo wa gumba ni ya radiali. Atasema pia kwamba ulnari huhudumia sehemu kubwa ya misuli midogo ya kiganja, si kidole cha mwisho tu, na kwamba ngozi yake hufika hadi nusu ya kidole cha pete. Yote ni kweli. Twamjibu kwamba jina si maelezo kamili ya kitu. Jina ni mpini wa kukishikia, na mpini uliotengenezwa Basel haushikiki vizuri katika zahanati ya Ruangwa. Hofu yetu kubwa iko kwingine: kuwa na majina mawili kwa kitu kimoja kwaweza kuzaa vurugu ambayo Baraza, tangu lianzishwe mwaka 1967, limefanya juhudi kuiondoa. Tumelifikiria jambo hili sana, na bado twaona hatari ya majina mawili yanayoeleweka ni ndogo kuliko hatari ya jina moja linaloitwa busha. Karatasi moja na iyachapishe yote mawili pamoja, la kitaalamu na la zahanati, ili mganga mkuu wa wilaya na muuguzi wa kijiji wasipishane.

Kuhusu majina ya maumivu na ulemavu tutasema machache. Kufa ganzi kwa watu wengi ni kule kunakotokea ukilalia mkono, kukifuatwa na vijisindano, kisha kukapita. Mtu ambaye ganda la korosho linamuunguza kwa mafuta yake makali naye hasikii, huenda asiseme amekufa ganzi, kwa kuwa ganzi kwake ni kitu kinachopita na hiki hakipiti. Afadhali aulizwe: je, vidole hivi vinasikia moto? Vidole vilivyojikunja kwa sababu ya ulnari wafasiri wengine wameviita mkono wa makucha. Tuseme vidole vilivyojikunja, basi. Na lile jina la mkono wa nyani, kwa gumba lililolala sambamba na vidole vingine, tunalikataa kabisa. Liko katika vitabu vya kale vya kigeni, na kitabu cha kigeni kina haki ya kubaki na aibu zake. Kwa kiganja kinachoning'inia radiali inapobanwa, kama kimpatavyo mtu aliyelala juu ya mkono wake baada ya kunywa uraka, kiganja kilicholegea ni jina zuri.

Limebaki kiwiko. Kamusi za leo zakubaliana kwamba kiwiko ni pale mkono unapojikunja kati ya bega na kifundo. Lakini yule mzee hakukosea: wako wasemaji ambao kwao kiwiko cha mkono ni kifundo chenyewe, na maana hiyo ni ya zamani. Kwa neva ulnari tofauti hii ni ya mahali pawili mbalimbali kabisa, dhiraa nzima ukiondoa kiganja. Neno kisugudi lipo kamusini na halina utata, ila tulipowauliza watu kadhaa wa Ruangwa walitutazama tu. Mkono wenyewe nao una shida hiyohiyo, kwa kuwa ni jina la kuanzia begani hadi kwenye kucha. Fomu inayosema mkono wa kulia umeumia haijasema kitu mpaka iongeze kigasha, kiganja au kidole.

Desturi ya Baraza katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kwenda ng'ambo. Ndivyo tulivyopata ikulu kutoka Kinyamwezi na ngeli kutoka Kihaya. Kwa kiwiko, hatua ya pili ingeanzia katika Kimwera, Kiyao, Kimakonde na Kimakua, lugha zinazosikika kila siku kati ya Nachingwea na Ruangwa. Tunawaomba walimu na watumishi wa afya walioko huko watuandikie: wazee wanapaitaje pale nyuma, upande wa ndani, ambapo ukijigonga umeme hukimbilia kidole cha mwisho? Na je, neno hilo lina maana nyingine yoyote ambayo mzee asingependa kuisikia mbele ya mkwewe?